Maswali ya Magari: Moshi Mweusi, Afu Kila Mtu Anakimbilia Skrubu

SWALI: Habari fundi. Nina gari la mwaka 1985, injeksheni (mfumo wa kupulizia petroli kwenye injini) ya zamani ile ya Bosch L-Jetronic. Asubuhi linawaka mara moja, tatizo linaanza likishapata moto, linatoa moshi mweusi, linanuka petroli, linamisi nikisimama kwenye foleni, na mafuta linakunywa balaa. Plagi nimebadilisha mara mbili, zote zinarudi na masizi. Fundi wangu ameshazungusha skrubu ya mikscha (mchanganyiko wa hewa na petroli) mara sijui ngapi, inatulia siku mbili afu inarudi palepale. Nifanyeje?

JIBU: Kwanza kabisa ndugu yangu, mwambie aiache hiyo skrubu. Kwenye L-Jetronic ile skrubu iliyo pembeni ya mita ya hewa (kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini) inapitisha tu kahewa kadogo kasikopimwa, kazi yake inaonekana injini ikinguruma taratibu, ukishakanyaga mafuta haina la maana. Sasa wewe unapata moshi hata barabarani, ina maana ugonjwa uko kwingine na yeye anauzibazibia tu, na sasa hivi hata pale ilipokuwa mwanzo hapajulikani tena.

Angalia dalili uliyoandika mwenyewe: ya baridi iko poa, ya moto inaharibika. Injini baridi inataka petroli ya ziada, ikipata moto kompyuta ya injeksheni inapunguza mpaka karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Lako halipunguzi, yaani kompyuta bado inaamini ni asubuhi. Anayeiambia joto ni sensa ya maji, na hapa wengi wanakosea maana kwa kawaida ziko mbili, moja ya geji ya dashibodi, nyingine ya kompyuta yenye nyaya mbili, kwa hiyo geji kusoma vizuri hakukuambii kitu kuhusu ile ya pili. Chomoa soketi ya nyaya zake, weka multimita kwenye pini za sensa upime ukinzani wa umeme: kwenye nyuzi 20 utakuta kama omu 2,500, kwenye nyuzi 80 ishuke mpaka kama 300. Ikibaki kwenye maelfu na injini ni ya moto, umeshampata. Ukitaka uhakika kabla hujanunua, chomeka rezista (kijipande cha umeme chenye ukinzani maalumu) ya omu 330 kwenye soketi hiyo ya nyaya injini ikiwa ya moto, sauti ikitulia na moshi ukaisha, nunua sensa. Kutu ya kijani kwenye pini nayo inaleta hayohayo, zisafishe kwanza, mi napenda kuanzia hapo kwa sababu haigharimu kitu.

Sensa ikiwa nzima, nenda kwenye regyuleta ya presha ya mafuta, kile kifaa kinachodhibiti presha ya petroli. Vuta ule mpira mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) unuse, ukikuta umelowa petroli basi ngozi ya ndani imechanika na injini inanyonya mafuta moja kwa moja kwenye manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa. Halafu injekta ya kuwashia baridi, ile inayopuliza petroli ya ziada wakati wa kuwasha, ikidondosha wakati injini ya moto nayo inafanya hivyohivyo. Ukiifungua hiyo uwe na mtungi wa kuzimia moto karibu, tafadhali sana.

SWALI: Langu ni mfumo huohuo ila kinyume, linatetemeka likisimama, linakohoa kwenye mita ya hewa nikikanyaga ghafla, plagi nyeupe.

JIBU: Hewa inaingia bila kupimwa, kwa hiyo petroli inakuwa kidogo. Likiwa linanguruma fungua kifuniko cha oili, injini nzima inatakiwa iyumbe au izime kabisa, kama haijali hata kidogo basi kuna tundu kubwa tayari mahali. Kagua ule mpira mpana kati ya mita ya hewa na throto (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta), uukunjue kwa mikono maana ufa unajificha ndani ya mikunjo, nimeshaona wenye ufa wa kupitisha kidole na kwa juu unang'aa kama mpya.