Kabla hujalipia lori la makaa ya mawe

Nilipomwambia mama mkwe kwamba nimeingia kwenye biashara ya makaa, aliuliza nina magunia mangapi. Hapa Tororo, Uganda, makaa ni ya kupikia. Nikamweleza ni ya mawe. "Mawe nayo huwaka?" akacheka. Lori letu la kwanza lilimpa haki: sehemu yake kubwa haikuwaka.

Tulikuwa tukinunua kwa ajili ya tanuri la chokaa, mzigo ukitoka Ruvuma, kusini mwa Tanzania. Mimi nimekulia Busia kwenye dhahabu, kwa hiyo nikamuuliza muuzaji mshipa wao una unene gani. Akanyamaza kidogo, kisha akanisahihisha kwa upole: makaa hayana mshipa, yana tabaka. Mshipa wa dhahabu hupenya mwamba kwa kuinama, leo upo, kesho umekukimbia. Tabaka la makaa limelala kama chapati katikati ya rundo la chapati, juu yake mwamba unaoitwa paa, chini yake sakafu.

Swali nililopaswa kuuliza ni kama tabaka hilo ni safi. Makaa yalianza kama kinamasi. Ukiona mboji nyeusi chini ya mafunjo kule Kisoro, umeona mwanzo wake, ila ya Ruvuma yana umri wa zaidi ya miaka milioni 250. Kinamasi kikifurika, mto huacha tope, na tope hilo hugeuka ukanda wa jiwe ndani ya tabaka. Mchimbaji akizoa vyote pamoja bila kuchambua, hayo ni makaa ghafi, na wewe unalipia jiwe litakaloishia kuwa majivu. Siku hizi naokota vipande viwili vyenye ukubwa sawa na kuvipima mkononi. Kinachoelemea zaidi, mara nyingi ni jiwe.

Halafu kuna maji, na hapa ndipo nilipolia. Cheti cha maabara kilionyesha kwamba makaa hutoa joto zuri sana yakiwaka, lakini lilipimwa baada ya sampuli kuanikwa ikakauka. Mzigo wangu ulisafiri masika. Lori la tani 30 lenye unyevu wa asilimia 15 limebeba tani nne na nusu za maji, na mizani ya barabarani haibagui. Kwa hiyo ndugu yangu, uliza: vipimo hivi ni vya makaa yaliyokaushwa, au vya makaa kama yatakavyonifikia? Jibu liandikwe kwenye mkataba. La simu halitoshi.

(Ukialikwa kushuka mgodini, amua mwenyewe. Methani, gesi inayotoka kwenye makaa, ikifika kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja inatosha kuilipua. Mimi nilibaki juu na soda yangu.)

La mwisho ni chenga, yaani makaa yaliyovunjikavunjika kuwa vipande vidogo na vumbi. Tulilimbika rundo refu, legelege, lenye vumbi tele, nami nikadhani moto huhitaji kiberiti. Makaa hunywa oksijeni taratibu na kutoa joto, na joto likikosa pa kutokea hujilimbikiza ndani. Wiki ya tatu mlinzi alinipigia saa nane usiku: "Bosi, kuna mtu anapika nyuma ya stoo." Hakukuwa na mtu. Tulilitandaza kwa koleo hadi alfajiri, na tangu siku hiyo rundo langu halivuki kifua, tena nalishindilia.