Mizigo inayosafiri ndani ya neva: maswali yenu

Swali: Eti seli moja ya neva inaweza kufika mpaka unyayoni? Sasa huko chini inalishwaje?

Ndio, inaanzia kwenye uti wa mgongo inashuka mpaka mguuni, kwa mtu mzima ni kama mita 1 hivi, na protini zake nyingi zinatengenezwa huku juu kwahiyo lazima zibebwe. Wabebaji ni mota za protini zinazotembea juu ya reli ndogo sana zinaitwa mikrotubuli, kinesini inashusha mzigo, dainini inaurudisha juu. Kinesini iligunduliwa 1985 kwenye neva ya ngisi, hatua yake moja ni nanomita 8, kwahiyo mita 1 ni hatua milioni 125!! Na mzigo wa haraka unaenda mpaka milimita 400 kwa siku.

Swali: Mota isiyo na mzigo inazurura tu?

Hapana, na hapa ndo napapenda kuliko pote. Kinesini ikikosa mzigo inajikunja, mkia unarudi unabana vichwa vyake (ndo sehemu zinazokanyaga reli) isichome ATP, yani mafuta ya seli, bure, inakaa imelala hivyo mpaka protini ya kuunganisha kama JIP1 iushike ule mkia, ndo inakunjuka na kuanza safari. Na JIP1 hiyo hiyo ikibandikwa fosfeti (kipande kidogo cha kemikali) mzigo unaenda mbele, ikibanduliwa unarudi nyuma. Yani mota ina nguvu zake lakini ruhusa inatoka kwa protini nyingine.

Swali: Mitokondria (mtambo wa nishati wa seli) inajuaje ishukie wapi?

Kalsiamu. Sehemu ya neva yenye kazi nyingi kalsiamu inapanda, protini ya Miro iliyokaa juu ya mitokondria inaidaka, safari inakatika na mitokondria inapaki palepale panapohitaji nishati.

Swali: Mwanangu kang'atwa na mbwa mguuni jana, kidonda kidogo, nisubiri nione?

Usisubiri mama, tafadhali. Virusi vya kichaa cha mbwa haviogelei kwenda kwenye ubongo, vinabebwa na dainini kwenye njia hizihizi za kurudi juu, ndo maana aliyeng'atwa usoni mara nyingi anaumwa mapema kuliko wa mguuni. Osha kidonda na sabuni kwa maji yanayotiririka dakika 15 halafu mpeleke akachanjwe leo leo, vikishaingia ndani ya neva chanjo inavikuta vimeshapanda gari.