Ndoto yangu ilikwamia kifuani

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Ndoto yako kubwa ni ipi, na unajifunza nini ili uifikie?" Mie nalima mwani Jambiani, Unguja. Nataka shamba langu mwenyewe la mwani wa aina ya cottonii kwenye maji marefu, la kamba zinazoelea, na mashua ya kuvunia. Ninachojifunza ni kuogelea.

Chekeni tu, wifi yangu keshacheka. Nina miaka 38, nyumba yetu na bahari ni pua na mdomo, na mpaka mwaka jana maji yakinifika kifuani nageuka. Wanaume huogelea tangu utotoni. Sisi wanawake twashuka bamvua, maji yakitoka, twafunga mbegu kambani kwa taitai, vile vikamba vidogo, yakianza kujaa twarudi. Nani atakufunza, na ya nini?

Mwani ulianza kulimwa huku kwetu na Paje mwaka 1989, na mama zetu cottonii waliivuna hapo hapo maji ya magotini. Siku hizi maji yakipwa yanapata moto. Mwani unageuka mweupe, unalainika, unakatika, asubuhi unakuta kamba tupu. Tumebaki na spinosum, aina nyingine ya mwani, wenye kuvumilia joto lakini bei yake haina maana. Cottonii sasa inataka kina, na shamba la kwenye kina huliendei kwa miguu.

Anayenifunza ni binti wa kaka yangu, ana miaka 19. Siku ya kwanza niliingia na dera, likajaa maji likanifunika uso, nikanywa chumvi ya mwaka mzima. Sasa navaa suruali na fulana ya mikono mirefu, na kiunoni nimejifunga dumu tupu la lita ishirini. "Shangazi, lala kama uko kitandani, masikio yaingie majini." Hayo masikio! Wiki tatu nilikuwa nakaza shingo, na shingo ikikazwa miguu inazama. Siku nilipoyaacha yakaingia, nikasikia kimya, na mgongo ukapanda wenyewe.

Kusoma mzani na kupiga hesabu za kilo najua, hizo hazinitishi. Mashua nitaitafutia pesa.

Kwa sasa nafika ngalawa ya kwanza iliyotia nanga, nusu ya njia nimekumbatia dumu. Kesho maji yakijaa, saa kumi alasiri, twajaribu bila dumu. Wifi kasema anakuja kutazama. Nimemwambia aje na nguo za kubadilisha.