Meza ya Mwisho wa Juma Ughaibuni: Barua Zenu na Majibu

Barua tano za toleo hili zimetoka kwa wasomaji wanaoishi nje ya nchi walizozaliwa, na zote zinahusu kula na kukaa pamoja na marafiki siku za mwisho wa juma. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu maumivu yaliyomo ndani yake nayafahamu.

SWALI: Ndugu Mshauri, huu ni mwaka wangu wa pili ughaibuni. Mwezi uliopita niliamua kuwakusanya marafiki zangu. Ijumaa jioni tulikula mkahawani, Jumamosi nikawaalika watu kumi na mmoja nyumbani, na Jumapili wanne kati yao wakarudi kwa chakula cha mchana. Nilipika tangu alfajiri, nikatumia karibu akiba yangu yote ya mwezi, na kila mmoja aliniaga kwa kukisifu chakula. Tangu siku hiyo hakuna hata mmoja aliyenialika kwake. Je, hawa ni marafiki au ni walaji tu? Niache kualika?

JIBU: Usiache kualika, ndugu yangu, lakini badili namna unavyoalika.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara macho yangu yamesimama kwenye neno “alfajiri”. Mtu aliyeshinda jikoni tangu alfajiri akiwapikia watu kumi na mmoja hapati nafasi ya kuketi na yeyote. Umenieleza namna walivyokisifu chakula, lakini katika barua nzima hukuandika hata jambo moja ambalo mmoja wao alikusimulia. Naamini hukuandika kwa sababu hukulisikia: ulikuwa unageuza sufuria, unafuta meza, unafungua mlango, huku mazungumzo yakiendelea sebuleni bila wewe.

Urafiki hujengwa kwa saa ambazo watu wamekaa pamoja, na saa hizo zimewahi kukadiriwa. Mwaka 2018 Jeffrey Hall, mtafiti wa mawasiliano wa Chuo Kikuu cha Kansas nchini Marekani, alichapisha utafiti uliowahusu watu wazima waliokuwa wamehamia mahali papya, pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa chuo, yaani watu wanaofanana sana na wewe na mimi. Alikadiria kwamba watu wawili huhitaji takriban saa 50 ili watoke kwenye kufahamiana tu na kufikia urafiki wa kawaida, takriban saa 90 ili waitane marafiki kwa maana kamili, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Saa zilizopita watu wakifanya kazi pamoja hazikuwa na nguvu kama saa za kustarehe na kuzungumza.

Sasa tupige hesabu. Jumamosi yako, hata tukisema ilidumu saa sita, ilikupa dakika chache tu kwa kila mgeni. Badala yake, fikiria watu watatu wanaokuja kwako kila baada ya majuma mawili, kwa saa tatu, kula chakula cha sufuria moja ambacho kilikuwa tayari kabla hawajafika. Kwa mwaka mmoja hiyo ni mara 26, yaani saa 78 za kukaa nao uso kwa uso. Utakuwa umeivuka ile alama ya 50 na kuikaribia ya 90, tena kwa gharama ambayo haitaigusa akiba yako.

Idadi hiyo ya watu watatu sikuichagua ovyo. Robin Dunbar, mwanasaikolojia wa Uingereza ambaye ametumia miaka mingi kuchunguza mahusiano ya binadamu, aliona pamoja na wenzake katika utafiti wa mwaka 1995 kwamba mazungumzo ya pamoja hubeba watu wanne hivi, na akiongezeka wa tano kundi huelekea kugawanyika. Meza ya watu kumi na wawili, ukijihesabu na wewe, ni meza tatu zilizounganishwa. Ni nzuri kwa sherehe, na sherehe ina siku yake, lakini mtu anayetafuta kujulikana hawezi kujulikana na meza tatu kwa wakati mmoja.

Kuhusu kutoalikwa, naomba unisikilize kwa makini, kwa kuwa niliwahi kukaa upande wa pili wa lawama hiyo. Katika mwaka wangu wa kwanza nje ya nchi nilikula kwa rafiki mmoja mara saba bila kumwalika hata mara moja. Chumba changu kilikuwa na kiti kimoja, na jiko tulilitumia wapangaji watano kwa zamu. Mialiko yake ilipoanza kupungua nilitambua jinsi alivyokuwa akinihesabu, lakini aibu ilinifunga mdomo. Siku moja akaniambia waziwazi: “Jumamosi ijayo tunakula kwako, mimi nitaleta viti na sufuria.” Alifika na mwenzake, wakivibeba viti viwili vya kukunja kwenye basi. Tuliketi magoti yakigusana, sahani zikiwa juu ya sanduku langu la safari lililolazwa chali, na kila mmoja alipotaka chumvi ilibidi wote watatu tusogee. Tangu usiku ule sikukataa tena kuwa mwenyeji.

Kwa hiyo, kabla ya kuwaita walaji, jiulize wanaishi wapi, wanafanya kazi ya zamu gani, wanapata nini mfukoni, na kama kuna yeyote kati yao aliyewahi kuambiwa kwamba anatarajiwa kualika. Sifa nyingi walizokupa huenda ndizo zilizowatisha. Aliyekaribishwa kwa vyakula vingi hivyo huona hawezi kurudisha kwa mkate na chai. Ukipika kidogo unamruhusu na mwenzako apike kidogo. Mwambie mmoja wao wiki hii, kwa maneno mepesi, “Zamu ijayo iwe kwako, hata kama ni chai tu.” Atakayekwepa mara tatu mfululizo huku njia zote zikiwa wazi, huyo mwache aende kwa amani.

Wahenga walisema kwamba mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Kwa heshima zote, nadhani methali hii ilitungwa na watu walioishi karibu na wazaliwa wao. Aliye ughaibuni akipandwa na homa saa nane za usiku, mzaliwa naye yuko mbali mwendo wa ndege, na atakayebisha hodi akiwa na dawa mkononi ni yule yule mla naye. Ndiyo maana nakusihi usiifunge meza yako kwa sababu ya juma moja lililokuchosha.

SWALI: Rafiki zangu hupenda kula mkahawani kila Jumamosi, na bili hugawanywa sawasawa. Mimi ni mwanafunzi na huagiza kitu kidogo, lakini hulipa sawa na aliyeagiza sahani tatu. Naona aibu kusema. Nifanyeje?

JIBU: Sema kabla ya kuagiza, wala usingoje bili ifike mezani, maana wakati huo kila neno husikika kama malalamiko. Mwambie mhudumu mnapoketi kwamba wewe utakuwa na bili yako peke yako, kisha uendelee na mazungumzo. Ukishindwa kulisema mbele ya wote, mtumie ujumbe mchana ule yule mwenye kuandaa matembezi: “Nitakuja, ila bajeti yangu ni ndogo, nitalipia changu.” Rafiki wa kweli atashukuru kuambiwa.

Tena usidhani kwamba ni wewe pekee unayeumia. Wachumi Uri Gneezy, Ernan Haruvy na Hadas Yafe walilifanyia jaribio jambo hili hili mkahawani, wakachapisha matokeo mwaka 2004: watu waliojua kwamba bili itagawanywa sawa waliagiza vya gharama kubwa kuliko waliojilipia wenyewe, ingawa wengi walipoulizwa walisema wangependelea kila mtu alipie chake. Maana yake ni kwamba mezani kwenu huenda wamo wawili au watatu wanaosubiri mtu mmoja aanze kusema. Kukopa ili ulipie sahani za wenzako ndilo jambo ambalo sitaki ulifanye hata mara moja.

SWALI: Nilimwalika jirani yangu, mwenyeji wa nchi hii, pamoja na marafiki wanne tunaozungumza lugha moja ya nyumbani. Tulianza kwa lugha anayoielewa, lakini baada ya nusu saa tukajikuta tumerudi kwetu, na yeye akawa anatazama simu. Aliondoka mapema. Nimwombe radhi?

JIBU: Ndiyo, mwombe radhi, na mwalike tena akiwa na mmoja tu kati ya wale wanne.

Kuteleza huko hakukutokana na ubaya. Mtu aliyetumia juma zima akitafsiri mawazo yake kabla ya kuyasema hupata raha isiyo kifani anaposikia mzaha unaofika moja kwa moja, na ulimi hurudi nyumbani bila kuomba ruhusa. Hata hivyo mwenyeji wa meza ana wajibu ambao wageni wake hawana. Mketishe mgeni huyo katikati, kamwe si pembeni, karibu na mtu anayependa kueleza. Na lugha ikianza kuteleza, mwulize yeye swali kwa jina lake, kwani swali moja huirudisha meza nzima bila kumgombeza mtu. Kicheko kikizuka kwa lugha asiyoijua, mfasirie papo hapo, hata kama mzaha utapoa. Wengi hufasiri mambo mazito na kuacha mizaha, ilhali anayeachwa nje ya kicheko ndiye anayejiona mgeni zaidi.

Pamoja na hayo, usijilaumu kwa kutamani jioni za lugha yako. Mwanasaikolojia John Berry wa Kanada, aliyechunguza kwa miongo mingi namna wahamiaji wanavyozoea nchi mpya, alionyesha kwamba wanaoshika vya kwao huku wakishiriki maisha ya wenyeji kwa kawaida huzoea vizuri kuliko wanaojitenga na upande wowote. Unahitaji meza zote mbili. Wakati mwingine ni vyema ziwe Jumamosi mbili tofauti, kila mtu akijua amealikwa katika ipi.

SWALI: Wageni wangu hukaa mezani hadi usiku wa manane, na chakula kilichobaki hulala juu ya jiko mpaka asubuhi. Mmoja aliumwa tumbo. Je, chakula ndicho chanzo?

JIBU: Chanzo cha ugonjwa wa mtu mmoja siwezi kukithibitisha kwa barua, lakini mtindo huo uuache leo. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili. Kinachosubiri kuliwa kihifadhiwe moto juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na cha kuweka kipozwe upesi na kutunzwa kwenye jokofu chini ya nyuzi 5. Kikipashwa, kiwe cha moto kabisa hadi ndani, angalau nyuzi 70. Kigawe katika vyombo vidogo visivyo na kina, maana sufuria kubwa iliyojaa hubaki na joto katikati kwa saa nyingi, na joto hilo la vuguvugu ndilo bakteria hulipenda. Wageni hawatachukia ukinyanyuka dakika tano kufanya kazi hiyo. Na kwa kuwa marafiki wa ughaibuni hutoka pande nyingi, mwulize kila mmoja mapema kuhusu mzio na miiko yake: karanga, maziwa, mayai, samaki, ufuta na ngano ni baadhi ya vile vinavyodhuru watu wengi.

SWALI: Jumapili jioni, wageni wakishaondoka, nyumba hunielemea. Jana nilikuta skafu ya rafiki yangu kwenye kiti nikalia. Ni kawaida?

JIBU: Ni kawaida, ndugu yangu, na hujadhoofika. Furaha ya siku mbili ikikatika ghafla, ukimya unaofuata husikika kwa nguvu kuliko ukimya wa siku nyingine, hasa kwa mtu ambaye Jumatatu inamrudisha kwenye lugha na sura za watu baki.

Usikubali wote waondoke kwa mkupuo. Mwombe mmoja abaki kuosha vyombo pamoja nawe. Mambo mengi ya moyoni husemwa kwenye beseni la kuoshea, mikono ikiwa majini na macho yakitazama sahani. Kabla ya mlango kufungwa, pangeni siku ya kukutana tena na muiandike. Saa ile ambayo nyumba huanza kukuelemea, iweke iwe saa ya kuwapigia simu wa nyumbani, kila Jumapili, ili nao wawe wanakungojea. Ila huzuni hiyo ikikukaa karibu kutwa nzima kwa majuma mawili mfululizo, ikakunyima usingizi, hamu ya kula au nguvu za kazi, nenda kamwone daktari, umweleze kama ulivyonieleza mimi.

Ile skafu usiitume kwa posta. Mwambie mwenyewe aje kuichukua Jumamosi, na umwekee sahani.