Je, mvuvi wa dagaa ni "Mkristo wa mbalamwezi"?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mvuvi wa dagaa, nina miaka 34. Mke wangu na watoto wetu watatu wanaishi Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria. Mimi naishi kambini visiwani na narudi nyumbani mwezi unapojaa. Mwaka huu Kwaresima karibu yote ilinikuta kambini. Tajiri alichelewa kutulipa, nikafika nyumbani Jumamosi Kuu jioni. Asubuhi ya Pasaka nilikwenda kanisani na familia. Mlangoni mzee mmoja wa jumuiya yetu akanishika mkono akasema kwa sauti: "Karibu, Mkristo wa mbalamwezi." Watu wakacheka. Mke wangu akaingia na watoto, mimi nikabaki chini ya mwembe mpaka Misa ikaisha.

Ijumaa iliyofuata jumuiya ilisali nyumbani kwetu. Katekista akaeleza Injili ya Petro anayesema "Naenda kuvua samaki", akasema kurudi kwenye nyavu baada ya kumwona Bwana aliyefufuka ni kurudi nyuma kiimani. Nilijua nasemwa mimi. Mtoto wetu mdogo ana miezi saba na hajabatizwa. Tumeambiwa tumalize kwanza mchango wa ujenzi, na mimi mwenyewe nionekane jumuiya. Sitaficha: siku nyingine za mwezi naishia kilabuni na wenzangu. Naomba kujua, Petro alitenda dhambi? Na mimi ambaye sikuungama wala kukomunika, Pasaka imenipita?

JIBU

Milele na milele, amina. Ndugu yangu, pole kwa lililokupata mlangoni. Naanza na jina ulilopewa, kwa sababu ndilo lililokuacha nje, na kwa sababu aliyekupa hakujua anatamka nini.

Pasaka yenyewe ni ya mbalamwezi. Krismasi ina tarehe yake, 25 Desemba, haihami. Pasaka inahama kwa sababu inatembea na mwezi. Mtaguso wa Nisea wa mwaka 325 uliagiza Wakristo waiadhimishe siku moja, na kanuni tunayoifuata ni hii: Dominika inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi. Mwaka huu wa 2026 mwezi ulijaa tarehe 2 Aprili, ndiyo Alhamisi Kuu, na Pasaka ikawa tarehe 5. Mwaka jana ulijaa tarehe 13, Dominika ya Matawi, tukafurahia ufufuko tarehe 20. Hesabu na miaka ya nyuma, hutakuta Pasaka ya giza, yaani ya siku zisizo na mwezi. Chanzo chake ni Kutoka sura ya 12, ambapo mwana-kondoo huchinjwa siku ya 14 ya mwezi, na Waebrania walihesabu siku tangu mwezi kuandama. Basi Israeli walitoka Misri mwezi ukiwa juu yao. Hata usiku ule wa Gethsemane mwezi ulikuwa karibu kujaa, na bado waliokwenda kumkamata Bwana walibeba taa na mienge.

Kwa hiyo, katika watu wote wa ziwa hili, wewe ndiye ambaye Pasaka inakukuta nyumbani. Giza likiingia mnakwenda, mnawasha taa juu ya maji, dagaa wanaifuata nuru. Mwezi ukipevuka taa zenu hazifui dafu, mnavuta mitumbwi nchi kavu na kutengeneza nyavu. Na katika siku hizo hizo Kanisa linawasha mshumaa wa Pasaka. Umeitwa Mkristo wa mbalamwezi. Kanisa zima ni la mbalamwezi pamoja nawe.

Hili mimi mwenyewe nilifundishwa kwa aibu. Miaka ya nyuma, nikihudumu parokia ya kandokando ya ziwa, nilipanga Komunyo ya Kwanza ya watoto kwa kutazama kalenda ya ofisini tu. Siku ikafika, kanisa likajaa akina mama na bibi, akina baba wa kuhesabu kwa vidole. Katika mahubiri niliwakemea waliokosekana, kwa maneno makali, watoto wao wakinisikiliza wamevaa nguo nyeupe. Baada ya Misa bibi mmoja mchuuzi wa dagaa akaja sakristia. Magamba madogo yalikuwa yamemganda kwenye vidole, yanang'aa kama vumbi la fedha. Akapiga goti, akasema taratibu: "Padre, umetazama ukutani, hukutazama juu. Hili ni giza." Usiku ule nilitoka nje nikatazama ziwa. Zile taa zote kule mbali, mstari mrefu kama mji uliojengwa juu ya maji, ndizo zilikuwa akina baba niliowatukana. Tangu siku hiyo, kalenda ya parokia ikija ninaizungushia wino mwekundu kila siku ya mwezi mpevu kabla sijapanga ubatizo, ndoa au semina. Ningependa kila paroko wa visiwani na mialoni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, afanye hivyo.

Sasa Petro. Katekista wako hakulitoa kichwani mwake alilosema. Wapo wahubiri wengi wanaosoma Yohana 21 kama hadithi ya mtu aliyekata tamaa. Lakini swali hili lilijibiwa zamani na Papa Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyefariki mwaka 604. Aliuliza: kwa nini Petro alirudi kwenye uvuvi baada ya kuongoka, na Mathayo hakurudi forodhani? Akajibu kwamba zipo kazi ambazo ni vigumu kuzifanya bila dhambi, na hizo mtu akishaongoka asizirudie; lakini kazi ambayo haikuwa na dhambi kabla ya wito haiwi dhambi baada yake. Uvuvi wa Petro ulikuwa halali. Wako pia ni halali, mradi huvui kwa sumu wala kwa kokoro.

Tena tazama mwandishi wa Injili anavyopanga mambo. Siku nane baada ya ufufuko wanafunzi bado wako Yerusalemu, Tomaso anaonyeshwa madonda. Hapo ndipo wanapokwenda Galilaya. Mwezi wa Pasaka ulikuwa umeshapungua, usiku umerudi kuwa mweusi. Injili haielezi kwa nini Petro aliuchagua usiku ule, lakini mtu wa mwaloni akiisoma anaona mvuvi anayerudi kazini wakati kazi imerudi. Na Bwana hakumkemea. Hakuna neno hata moja la lawama katika sura ile kuhusu nyavu. Alipowaita kutoka ufukweni aliuliza swali ambalo umeulizwa mara ngapi mtumbwi ukikaribia mwalo: "Wanangu, mna kitoweo?"

Wanazuoni wamehangaika sana na wale samaki 153. Mtakatifu Augustino alionyesha kwamba ukijumlisha namba kuanzia 1 mpaka 17 unapata 153, akatoa humo mafundisho ya kina, nami nayaheshimu. Ila nimekaa mwaloni muda wa kutosha kuamini kwamba walihesabu kwa sababu wavuvi huhesabu. Walikuwa saba chomboni, na kila mtu alikuwa na fungu lake. Mwinjili aliitunza hesabu ile ya asubuhi kama jambo takatifu.

Lakini ninachotaka ukishike ni moto. Waliposhuka pwani waliona moto wa makaa, na juu yake samaki, na mkate. Neno la Kigiriki la moto huo wa makaa, anthrakia, linapatikana mahali pawili tu katika Agano Jipya lote: hapa, na katika Yohana 18, ule uani kwa kuhani mkuu ambako Petro alisimama akiota moto, akamkana Bwana. Petro hakuhitaji kukumbushwa kwa maneno. Harufu ya makaa ilitosha. Na Yesu, ambaye alijua yote, alimfanyia nini? Alimwambia yeye na wenzake, "Njoni mfungue kinywa." Akawagawia mkate na samaki. Ni baada ya kula, Yohana anaandika hivyo kwa makusudi, ndipo lilipokuja swali: "Wanipenda?" Mara tatu, kwa kukana mara tatu.

Sisi kwenye jumuiya tumeugeuza mpangilio huo. Tunauliza kwanza, tena mlangoni: ulikuwa wapi, umelipa, kadi yako iko wapi? Na anayejibu vibaya haoni hata moshi wa chakula. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976, walitaka Kanisa la majirani wanaojuana kwa majina, wanaobebana katika msiba na furaha. Hawakujenga kizuizi cha barabarani. Naumia kila ninaposikia jumuiya imekuwa hivyo, na si mara ya kwanza kusikia.

Kuhusu michango pia sura ile inafundisha. Samaki wa Bwana walikuwa tayari juu ya makaa kabla chombo hakijafika. Kisha akasema, "Leteni hapa baadhi ya samaki mliowavua sasa hivi." Aliomba baadhi, na aliomba wakati chakula chake kipo tayari kwa ajili yao. Mchango wa ujenzi ni wajibu wa kweli, usiukwepe. Kanisa halijengwi kwa maombi peke yake, na bati halitolewi bure. Lakini unakuja kama samaki wako kuungana na wale ambao Bwana ameshawaweka, hauji kama nauli ya kuingilia.

Kwa hiyo ubatizo wa mtoto usicheleweshwe kwa deni. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 848, inamtaka mhudumu asidai chochote zaidi ya sadaka iliyopangwa na mamlaka halali, na aangalie daima maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 867 inawataka wazazi wahakikishe mtoto anabatizwa katika wiki za kwanza baada ya kuzaliwa. Wenu ana miezi saba. Kinachotakiwa ni tumaini lenye msingi kwamba atalelewa katika imani, na nyumba ambayo mama anasali na jumuiya inasali humo haikosi tumaini hilo. Mkihudhuria mafundisho ya wazazi, paroko hana sababu ya kukataa. Mwoneni yeye mwenyewe, msiishie kwa mwenyekiti.

Umeuliza kama Pasaka imekupita. Haijakupita. Kanuni ya 920 inamtaka kila mwamini aliyekwisha pokea Komunyo ya kwanza akomunike angalau mara moja kwa mwaka, wakati wa Pasaka, na ikiwa kuna sababu ya haki anaweza kutimiza wakati mwingine ndani ya mwaka. Wakati wa Pasaka una siku 50. Dominika ambazo uko kisiwani na hakuna padre wala njia ya kufika kwenye Misa, huna dhambi kwa kukosa Misa. Kanisa linakusihi usali peke yako au pamoja na wengine. Kambini mko wangapi mliobatizwa? Hata wanne wanatosha. Asubuhi dagaa wakishaanikwa, someni Injili ya Dominika, salini Baba Yetu, ndipo mle ugali wenu. Ijumaa Kuu mnaweza kusoma mateso ya Bwana mkiwa mmekaa juu ya nyavu. Injili ilivuka ziwa hili kwa mtumbwi. Wamisionari Padre Lourdel na Bruda Amans waliondokea Kageye, upande wetu huu wa Mwanza, wakatua Kigungu karibu na Entebbe, Uganda, tarehe 17 Februari 1879. Mtumbwi haujawahi kuwa nje ya Kanisa huku kwetu.

Na sasa nikwambie na yako, kwa kuwa umeniandikia kwa ukweli. Giza lina sababu, mwezi hauna. Siku zile mitumbwi iko juu, mke wako anakusubiri na jumuiya inakutana umbali wa kutembea kwa miguu, ukienda kilabuni huwezi kumlaumu mzee kwa yote. Alikosea kukutahayarisha, na aliyekosea zaidi ni aliyecheka. Lakini huenda alikuwa amekutafuta miezi kadhaa asikuone. Na kule chini ya mwembe, ndugu yangu, hakukuwa mahali pako. Petro alipojua ni Bwana hakungoja chombo kifike; alijitupa majini, dhiraa mia mbili kutoka nchi kavu, pamoja na kosa lake lote ambalo lilikuwa halijazungumzwa.

Mwezi utajaa tena Ijumaa tarehe 1 Mei, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Bado ni Pasaka hiyo. Pentekoste ni tarehe 24. Ukishuka kutoka kambini, nenda kwa paroko ukaungame, mpange siku ya ubatizo, na Dominika ya tarehe 3 uingie ndani ukomunike na mke wako. Waulize viongozi wa jumuiya kama wanaweza kukutana mara moja kila mwezi unapojaa, ili baba kama wewe wasiwe wageni.

Halafu mwalike yule mzee nyumbani kwako. Lete samaki mwenyewe, umchome juu ya makaa, mke wako asonge ugali. Mnawisheni mikono, mwacheni ale ashibe. Mkishakula, ndipo umweleze jinsi neno lile lilivyokuuma.