Kabla Hujamsifu Kaa, Mtazame Mgongoni

Jumamosi iliyopita niliaibika mbele ya wageni kumi na wawili ufukweni hapa Mwanza, na kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mnatamani kazi hii ya kuongoza wageni, nimeona si vyema kulificha jambo lenyewe. Chini ya jiwe nilimkuta kaa aliyefunikwa mgongo mzima na ukoga wa kijani. Kwa sauti ileile iliyonipatia sifa miaka minane, nikatangaza kwamba huyu ni kaa mpambaji, ambaye hujibebesha majani ili adui asimtambue. Mama mmoja mwenyeji wa Tanga akamshika kwa nyuma, mbali na magando, akamsugua kwa kidole gumba mara mbili, ukoga ukatoka.

"Mwanangu," akasema, "huyu hakujipamba. Huyu ni mchafu tu."

Walicheka hadi garini, na kicheko kile bado kinanichoma.

Usiku huo nilisoma. Kaa wenye tabia hiyo ni wa baharini. Hawa wetu wa ziwani hawanayo. Wapambaji wana vinyweleo vigumu vilivyopinda kama ndoana, navyo hunasa vipande vya mwani na sifongo. Tena wakijivua gamba (wala sizungumzii siasa) huweza kuyabandua mapambo ya zamani na kuyapachika kwenye gamba jipya. Wengine hukata sifongo kwa magando, wakakipunguza kipande hadi kiwaenee mgongoni, kisha wakakishikilia kwa miguu ya nyuma iliyopinda kuelekea juu. Wapo pia wanaobeba kombe au jani kwa namna hiyohiyo, na kwa kuwa jozi mbili za miguu zimeshika mzigo, hutembelea jozi mbili zilizobaki.

Basi ushauri wangu ni huu: kabla hujafungua kinywa, tazama mgongoni. Tafuta ndoana, au miguu iliyoshika mzigo. Ukikosa vyote viwili, nyamaza. Vijana mnapenda kusema kabla ya kutazama, nami niliyewafunza wengi kazi hii nasema tena, tazameni kwanza, kwa maana mgeni aliyekulia pwani hadanganyiki kwa sauti nzuri.

Mama yule aliniachia bahashishi ya shilingi 20,000, kubwa kuliko za wenzake wote. Mpaka leo sijaitumia.