Kwa nini risasi ya .22 inapasua asubuhi ya baridi Mafinga

SWALI: Kamwene mtaalamu. Bunduki yangu ni ya .22 (yaani kipenyo cha inchi 0.22), ina kibali, na niliinunua nikiwa Dar es Salaam. Sasa nimehamia Mafinga. Boksi la risasi limeandikwa mita 330 kwa sekunde. Kule Dar mlio ulikuwa wa chini tu, lakini huku nikilenga shabaha alfajiri, baadhi zinapasua mlio mkali kabisa na nyingine zinatoka kwa upole kama zamani. Boksi ni lilelile. Rafiki yangu anasema ni hewa nyepesi ya milimani, na ananishauri nizipunguze baruti mwenyewe, nifupishe mtutu na kufunga kiwambo cha sauti. Ana hoja?

JIBU: Kamwene, ndugu yangu. Risasi zako hazina kasoro, na bunduki yako pia ni nzima. Kilichobadilika ni baridi.

Bunduki ina sauti mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza ni mlipuko wa gesi inayotoka mdomoni mwa mtutu. Ya pili inatengenezwa na risasi yenyewe ikiwa hewani, pale inapokwenda kasi kuliko sauti. Hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kupisha, inajikusanya na kuwa wimbi kali linalofuatana na risasi njia nzima. Ncha ya mjeledi wa mchunga ng'ombe hulia kwa sababu hiyohiyo. Mwanafizikia Ernst Mach alichapisha picha za wimbi hilo mwaka 1887, kwa hiyo hapa hatubahatishi.

Sasa hoja ya hewa nyepesi. Mafinga iko kama mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo (mgandamizo) ya hewa huko ni takriban asilimia 80 ya ile ya Dar. Rafiki yako yuko sahihi kwamba hewa ni nyepesi. Ila kasi ya sauti haijali jambo hilo. Ukipanda mlima, kanieneo inapungua na uzito wa hewa unapungua pamoja nayo, na kwa kasi ya sauti viwili hivyo vinafutana. Kinachobaki ni joto. Hewa ikiwa nyuzi 30, sauti husafiri kama mita 349 kwa sekunde. Ikiwa nyuzi 20, ni mita 343. Ikiwa nyuzi 5, ambayo alfajiri ya Julai huko kwenu Mafinga si ajabu, ni mita 334 tu.

Weka risasi yako ya mita 330 kwenye hesabu hiyo. Dar mchana ilikuwa na nafasi ya karibu mita 20 chini ya kasi ya sauti, kwa hiyo hata iliyotoka na nguvu kidogo zaidi ya wenzake haikufika mpakani. Mafinga alfajiri nafasi hiyo ni mita 4. Na hakuna boksi ambalo risasi zake zote zinatoka na kasi ileile: moja itatoka na 325, nyingine 337. Ya 325 inapita kwa upole, ya 337 inapasua. Ndiyo maana unasikia mchanganyiko. Rudi uwanjani saa nane mchana jua likiwa limewaka, utaona zinazopasua zimepungua sana au zimekwisha kabisa.

Kuna jambo dogo la kuangalia. Baridi pia huipunguzia baruti nguvu kidogo, jambo ambalo lingekusaidia. Lakini kama unalitembeza boksi ndani ya koti, kifuani, baruti inabaki na joto la mwili huku hewa ya nje ikiwa ya baridi. Hapo umejitengenezea hali mbaya kuliko zote. Na kama unalenga karibu na misonobari, tuseme upande wa msitu wa Sao Hill, miti inaurudisha ule mlio na utausikia mkubwa kuliko ukiwa mahali pa wazi.

Ushauri wa kupunguza baruti naomba uukatae kabisa. Kwanza, risasi ya .22 haijazwi upya: kilipuzi chake kimo ndani ya ukingo wa ganda, na sindano ya bunduki ikishaubonda ukingo huo, ganda limekwisha kazi. Kuifungua iliyo nzima ni kuchezea kilipuzi hicho. Pili, risasi yenye nguvu pungufu inaweza kukwama katikati ya mtutu. Mpigaji anasikia mlio hafifu, anadhani imetoka, anapiga nyingine nyuma yake, na mtutu unapasuka karibu na uso wake. Tatu, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Mtutu mfupi nao hauleti anachodhani. Gesi inatoka ingali na kanieneo kubwa, kwa hiyo mlipuko wa mdomoni unaongezeka. Usiukate. Na kiwambo kinapunguza mlipuko huo wa gesi tu. Wimbi la risasi hakiligusi, kwa kuwa linazaliwa mbele ya kiwambo. Ungekifunga alfajiri ukiwa na risasi hizohizo, mjeledi ungeusikia vilevile. Kuhusu uhalali wake, muulize Mkuu wa Polisi wa Wilaya kabla hujatoa hata shilingi.

Dawa yako ni rahisi: nunua, kwa muuzaji mwenye leseni, risasi za kiwandani zilizotengenezwa ziwe chini ya kasi ya sauti, zenye takriban mita 320 kwa sekunde. Hata barafu ikianguka Makete, hewa ikiwa nyuzi 0, sauti bado inakwenda mita 331, na wewe una nafasi ya kutosha. Ukishabadilisha, pima shabaha upya. Kwa umbali wa mita 50 risasi itapiga chini kama sentimita 1 kuliko ulivyozoea. Vaa vizuia sauti masikioni hata kwa hizo za taratibu, na anayesimama pembeni yako naye avae.